Siku Aliyoacha Kuivua Barakoa

Njiro, Arusha
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na baridi ya huko je? Huku Njiro mawingu hayajaondoka tangu Alhamisi, kwa hiyo najua huko kwenu ukungu unaingia mpaka jikoni. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa hili ninalokuandikia.

Najua simu huisikii tena, na hutaki habari za ukoo zipite kwenye simu ya Mama Eliya zikasikiwa na kila anayekuja kuomba chumvi. Barua hii nimempa Sifael aje nayo kwenye gari lake la abiria, ile Noah.

Baba Mkubwa amelazwa tangu Jumamosi. Daktari anasema mapafu yake yamechoka kwa moshi wa miaka yote ya kulala na moto ndani ya nyumba, na sasa baridi imemwongezea homa ya mapafu. Anaitwa Dokta Najat, mama mfupi, mtaratibu, hapandishi sauti. Amemwekea mashine inayosukuma hewa. Hewa inapita kwenye barakoa ngumu ya plastiki inayofunika pua na mdomo, nayo hufungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa.

Tatizo ni kwamba Baba Mkubwa anaivua. Muuguzi akija kuirekebisha, anaing'oa, halafu anampiga muuguzi kichwani. Muuguzi mwenyewe ni msichana mpole, Jackline, naye hakulalamika, lakini wenzake wanasema mzee amechanganyikiwa. Makohozi pia hatemi. Akipewa kopo anafunga mdomo na kumeza.

Dokta Najat aliniita pembeni. "Dada," akasema, "barakoa hii si ya kila mgonjwa. Inamtaka mtu aliye macho, anayekubaliana nasi, anayeweza kutoa makohozi yake, na asiyetapika. Anayepigana nayo haimsaidii. Akiendelea hivi itabidi nimlaze usingizi, nimpitishie bomba kooni, mashine impumulie."

Kaka Eliya yuko nami hapa nyumbani. Wodi inaruhusu mtu mmoja tu kuingia, nasi tukaamua niingie mimi. Yeye hukaa nje kwenye geti la hospitali na fimbo yake. Amekataa kusema lolote kuhusu bomba mpaka aliyemfuata baba yake kuzaliwa atoe neno, yaani wewe. Tufanyeje?

Binti yako,
Namelok

*

Oldonyo Sambu
Jumanne, 11 Juni 2024

Kwa Namelok, binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Mguu ni ule ule na hauna habari mpya. Ng'ombe wa nyumba zote mbili wanatoka na kurudi salama. Ndio wanaonizuia kuteremka, kwa sababu Eliya akiwa mjini hakuna mwanamume mwingine hapa wa kuwaangalia. Mama Eliya hajambo, ila hali chakula.

Umeandika kwamba mliamua uingie wewe. Hukueleza kwa nini mwana wa mgonjwa akae getini kama mlinzi na binti wa ndugu yake aingie. Hilo ni kosa la kwanza.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Hukuuliza swali linalotangulia maswali yote. Huyo Jackline ni binti wa nani? Kaka yangu hawezi kulala chini ya mkono wa mtu asimwulize jina la baba yake, hata akiwa hana pumzi. Mimi naona kwa mbali kwamba baba wa msichana huyo ni wa rika letu, tuliotahiriwa pamoja. Kama ndivyo, basi kwa desturi ni binti wa kaka yangu Lesian sawasawa na wewe.

Sasa nijibu. Wewe umewahi kumshika Baba Mkubwa wako kichwani? Ulipokuwa mdogo uliinamisha kichwa, naye akakiwekea kiganja. Mkono wa mkubwa hushuka juu ya kichwa cha mtoto, na wa mtoto haupandi. Msichana anapoinama kutazama mikanda, mzee anaona kichwa cha binti yake kimeinama mbele yake. Hampigi, anamwitikia salamu. Na kwa kuwa hawezi kumwitikia mtoto akiwa amezibwa mdomo, anavua barakoa kwanza. Makohozi hayatemi kwa sababu hiyo hiyo. Baba hatemi mbele ya binti wa rika lake. Atayameza mpaka yamwue.

Ninyi mlilelewa katika nyumba ya mwalimu, na bweni likamalizia kuwafuta desturi. Nalaumu bweni.

Mwambie daktari huyo kwamba Lesian ana akili timamu. Aweke muuguzi wa kiume, asiye wa kwetu. Na habari ya bomba iachwe. Jirani yetu Solomoni aliingizwa bomba wakati wa korona, na kilichorudi ni sanduku.

Baba yako,
Aminieli

*

Njiro, Arusha
Alhamisi, 13 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na shikamoo tena. Natumaini umeamka vizuri, na Mama Eliya pia, kwa sababu nina habari za kumrudisha kwenye chakula.

Ni kama ulivyosema. Jackline ni binti wa Mzee Lekishon, yule aliyekuwa na duka la dawa za mifugo Ngarenaro kabla ya kurudi huko kwenu. Nilipomsomea barua yako alikaa kwenye kiti cha wageni akajifunika uso. "Nilidhani ananifukuza," akasema. "Kila nikiinama, mkono huo hapo kichwani. Sisi tumekulia mjini, dada. Baba hakutuambia mambo haya." Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaenda mwenyewe kuomba apangiwe mgonjwa mwingine.

Wamemleta kijana anayeitwa Twahir. Baba Mkubwa akamsimamisha kwa mkono kabla hajagusa kitu. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mzee, baba yangu ni fundi baiskeli wa Kondoa. Hata mbuzi hana. Wewe na yeye mtakuwaje rika moja?"

Baba Mkubwa akamtazama sana. "Hata mbuzi?"

"Hata kuku, mzee. Mama ndiye mwenye kuku."

"Basi funga."

Akafungwa, akatulia. Akipewa kopo anatema bila kusitasita, na Twahir anamsifu kama mtoto aliyemaliza uji. Jana jioni alikuwa anazungumza. Aliuliza kama yule dume mwekundu amepona kwato. Nimemwambia amepona. Naomba iwe kweli.

Kaka Eliya nilimweleza yote pale getini. Alitoa kijiti chake cha mswaki mdomoni, akasema, "Mngeniuliza mimi. Nilikuwa hapa hapa." Sasa anaingia yeye asubuhi, na mimi jioni.

Dokta Najat ameisoma barua yako mara mbili na anakusalimu. Alisema hivi, naandika maneno yake: "Mwambie Mwalimu hili sikufundishwa chuoni, nashukuru. Lakini ajue kwamba jibu langu linafuata hali ya mgonjwa. Hali ikibadilika, nalo litabadilika."

Binti yako mwenye furaha,
Namelok

*

Oldonyo Sambu
Ijumaa, 14 Juni 2024

Kwa Namelok, binti yangu,

Marahaba. Nimepokea barua yako mbele ya Lekishon mwenyewe, aliyekuja kuuliza hali. Nilimsomea, naye akaona haya kwa ajili ya binti yake, kisha akacheka, kisha akaona haya tena. Dume mwekundu amepona. Hukusema uongo, ila ulibahatisha, na kubahatisha si desturi njema.

Leo wazee wa rika walikutana hapa kwangu kuhusu mfereji wa maji. Kabla ya kuachana niliwaeleza habari ya Lesian tangu mwanzo. Niliwaambia kwamba waliosoma walitaka kumkata sauti mtu aliyekuwa akiwasalimu watoto wake. Walifurahi kusikia kwamba imezuiwa. Niliwaahidi mbele ya wote kwamba bomba halitatajwa tena, na Jumapili nitasema hivyo kanisani tutakapomwombea.

Mwambie Eliya asikubali jambo lolote juu ya mwili wa baba yake pasipo neno langu la maandishi. Msomee sentensi hiyo kama ilivyo.

Daktari huyo mpe salamu zangu. Mtu anayekubali kufundishwa ana heshima yake.

Ukungu umepungua kidogo. Namshukuru Mungu, na namshukuru huyo fundi baiskeli kwa kutokuwa na mbuzi.

Baba yako,
Aminieli

*

Hospitalini, Arusha
Jumanne, 18 Juni 2024, asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, leo sina nafasi ya kuuliza hali za wote. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Sifael ameacha abiria wake stendi kwa ajili yangu na atakusubiri uandike jibu.

Baba Mkubwa haivui tena barakoa. Hilo ndilo tatizo.

Tangu jana mchana hajainua mkono. Twahir alipomwita hakujibu, alifungua macho nusu akayafumba. Jackline aliposikia alikuja mwenyewe. Alisimama kando ya kitanda akainamisha kichwa, makusudi, karibu kabisa na mkono wake. Mkono haukuinuka. Baba, msichana yule alikaa ameinama hivyo mpaka nikamgusa bega. Hapo mimi nilielewa kabla daktari hajasema neno.

Daktari anasema hewa chafu imejaa kwenye damu yake na ndiyo inayomlaza. Makohozi hawezi tena kuyakohoa. Alfajiri alitapika ndani ya barakoa, na mashine ikaendelea kusukuma. Fikiria unapuliza hewa kwenye mdomo wa mtu uliojaa matapishi. Yanakwenda mapafuni. Twahir alikuwa karibu, akaing'oa. Sasa yuko kwenye oksijeni ya kawaida, na haimtoshi.

"Juma lile nilidhani haelewani nasi, Mwalimu akanionyesha kuwa anaelewana nasi kuliko sisi," Dokta Najat ameniambia. "Leo si hivyo. Leo hayupo wa kuelewana naye. Barakoa sasa inamdhuru. Bomba linafunga njia, matapishi hayapiti, na sisi tunapata nafasi ya kunyonya makohozi. Siwezi kuahidi kwamba atatoka. Naweza kuahidi kwamba bila hilo hatoki."

Anataka leo. Nimemwomba Kaka Eliya. Anasema, "Baba Mdogo aliandika nisikubali pasipo neno lake. Ulinisomea mwenyewe."

Naomba neno lako, Baba. Sifael yuko mlangoni.

Namelok

*

Oldonyo Sambu
Jumanne, 18 Juni 2024

Kwa Namelok,

Marahaba. Nimekusoma. Mama Eliya yuko hapa mlangoni na anautazama uso wangu, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Daktari huyo alitaka bomba juma lililopita kwa sababu mgonjwa aliivua barakoa. Leo anataka bomba kwa sababu haivui. Jambo na kinyume chake vinaleta jibu moja. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi, na mtoto aliyenipa jibu moja kwa maswali mawili yanayopingana nilijua hakusoma swali.

Lesian amechoka na amelala. Mtu aliyenyimwa usingizi siku hizo zote hulala. Chunguzeni kama mara ya kwanza. Nani alikuwa zamu jana? Alilishwa nini? Alikuja nani kumtazama? Mlikosea mara moja kwa kutouliza.

Kaka yangu aliacha shule ili mimi niende. Aliuza dume lake la kwanza kwa ajili ya sare yangu. Sitakuwa mimi wa kumwondolea sauti. Na nimekwisha kutoa ahadi mbele ya rika na mbele ya usharika.

Neno langu ni hapana. Mwekeni barakoa.

Baba yako,
Aminieli

*

Njiro, Arusha
Alhamisi, 20 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba umekaa. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Barua yako ya Jumanne niliipokea getini, Sifael alipofika. Kaka Eliya alikuwa amesimama kando yangu. Hakuniuliza umeandika nini. Alisema, "Soma."

Nikaifungua. Niliisoma kimya mpaka mwisho. Naye alikuwa akiitazama karatasi kama ninavyoitazama mimi anga kabla ya mvua, anajua kuna neno pale, ila hajui lipi.

"Soma basi, dada."

Nikamsomea. Nilisoma salamu zako kama zilivyo, na habari ya Mama Eliya mlangoni, na sare, na dume la kwanza. Halafu nikasoma kwamba umekubali. Nilisoma, "Neno langu ni ndiyo. Mwekeni bomba." Nilisoma kwa sauti yako, Baba, polepole, kama unavyosoma wewe.

Akauliza, "Amesema hivyo?"

Nikasema, "Amesema hivyo."

Akaipangusa mikono yote miwili kwenye shuka lake, tukaingia ndani, akaweka dole gumba kwenye fomu ya idhini. Alisema kwa daktari, "Si mimi. Ni Baba Mdogo."

Bomba liliwekwa Jumanne hiyo hiyo. Kabla hawajamlaza kabisa usingizi, daktari alitoa kwa mrija matapishi yaliyokuwa yameshuka, na akanionyesha chupa. Sitakueleza. Mashine inampumulia sasa. Kifua kinapanda na kushuka sawasawa, jambo ambalo sijaliona tangu aje. Lakini hajafumbua macho, homa ipo, na Dokta Najat hasemi ndiyo wala hapana. Anasema tusubiri.

Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu Kaka Eliya amempigia mama yake na kumwambia kwamba wewe uliruhusu. Kwa hiyo huko kwenu watu wote wanajua kwamba uliruhusu, isipokuwa wewe. Watakuja kukuuliza. Ni haki yako kujua ulisema nini kabla hujaulizwa.

Ukiwaambia ukweli sitakulaumu. Ndivyo ulivyotulea. Lakini ujue pia kwamba Kaka Eliya akijua neno lako lilikuwa hapana, atawaambia walitoe. Ameniambia hivyo bila kujua alichokuwa akiniambia. Alisema, "Kama si Baba Mdogo kukubali, leo ningekuwa nimembeba nyumbani." Na wakilitoa, Baba, ni dakika tu.

Nimeshindwa kula tangu juzi. Jackline ananiletea uji na ananilazimisha.

Binti yako,
Namelok

*

Oldonyo Sambu
Jumapili, 23 Juni 2024

Kwa Namelok, binti yangu,

Marahaba. Nilikaa, kama ulivyoagiza.

Ulichofanya ni uongo. Sitakiita kwa jina lingine, wala wewe usikiite. Ulichukua kinywa cha baba yako ukasema nacho. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu, ningejua la kufanya. Barua yako niliichana, kisha nikazunguka boma mpaka mguu ukakataa.

Wazee wa rika walikuja jana, baada ya ng'ombe kurudi. Walikuja wote. Mama Eliya aliteleka chai. Lekishon ndiye aliyesema kwa niaba yao, na naandika maneno yetu kama yalivyokuwa, ili ujue na usibahatishe.

Akasema, "Aminieli, tumesikia ndugu yako amekatwa sauti."

Nikasema, "Mmesikia sawasawa. Ana bomba."

"Eliya anasema ni neno lako."

Mama Eliya alikuwa ameshika birika. Nilifikiri juu ya kile ulichoandika kuhusu binti wa Lekishon, aliyeinamisha kichwa na mkono usiinuke. Nilikuwa nimekisoma siku ile ya Jumanne, na nilikipita. Nilitafuta kosa la daktari nikakipita. Kaka yangu hakuwahi kuacha kichwa cha mtoto kikingoja. Hata siku aliyozikwa baba yetu aliwainulia watoto mkono. Kama hakuinua, basi huo haukuwa usingizi wa uchovu.

Nikasema, "Ni neno langu."

"Ijumaa ile ulituahidi bomba halitatajwa. Ukasema hivyo na kanisani."

"Nilisema. Jumanne nikasema vingine."

"Kwa nini hukutuita?"

"Hapakuwa na muda wa kuwaita."

Mmoja akasema kwamba mwalimu amewahi kusahihisha kila mtu hapa isipokuwa nafsi yake, na wakacheka, lakini si kicheko cha kirafiki. Kisha Lekishon akasogeza kiti chake. "Basi sema tena vingine," akasema. "Unaweza. Mwandikie Eliya leo. Wamtoe hicho kitu, aletwe hapa, alale nyumbani kwake, na sisi tuwe karibu. Hilo ndilo tunaloomba. Hatukuja kugombana nawe."

Namelok, hapo mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema kweli tupu, na ahadi yangu ingesimama, na jina langu lingerudi mahali pake. Ungeanguka wewe, na Lesian pamoja nawe.

Nikasema, "Sitaandika hivyo. Nimekubali, na bado nakubali."

Wakainuka. Hakuna aliyegusa chai. Mama Eliya aliirudisha yote kwenye birika, kikombe kimoja kimoja, kisha akaja akakaa kwenye kiti cha Lekishon na kuniuliza kama Lesian ataishi. Nilimwambia sijui. Hilo lilikuwa kweli.

Nakuja kesho kutwa na Sifael. Kijana wa kwa Lekishon atawaangalia ng'ombe. Baba yake amekataa kusema nami, lakini hakumkataza mtoto. Nataka kukaa pale kitandani mwenyewe. Mimi na wewe hatutazungumza habari hii mbele ya mtu yeyote, wala hatutaizungumza tukiwa wawili. Kula.

Eliya akikuuliza tena nilisema nini, mwambie neno langu ni lile ulilomsomea.

Baba yako,
Aminieli